Darasa la Kemia Limejaa

Karani wa mahakama alikuwa mtu mgumu kuamini. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya mashahidi, na kwa miaka aliyokaa mbele ya meza ya hakimu alikuwa amesikia watu wengi wakiapa huku wanadanganya. Ilifika mahali hata mwanawe akisema amepiga mswaki, yeye huenda kuushika mswaki aone kama umelowa.

Ila lililomtokea kwa shangazi yake halikuhitaji shahidi. Alikuwa amekwenda kusalimia tu, akakuta mbuzi ameshindwa kuzaa. Daktari wa mifugo, bwana mwenye viganja kama koleo, alijaribu akashindwa. Akamtazama Karani.

"Wewe mkono wako mwembamba. Nawa mpaka kwenye kiwiko."

Karani akanawa. Akaingiza mkono taratibu kama alivyoelekezwa, akagusa kwato laini, kisha shingo, kisha kichwa kilichogeukia nyuma. Akamsukuma mtoto ndani kidogo, akakizungusha kile kichwa mpaka kikakaa sawa. Kitoto kilipotoka kikapiga chafya kwenye majani makavu, Karani alikuwa anabubujikwa na machozi, na mwenyewe hajui analia nini.

Alikuwa anakaribia miaka arobaini. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba anataka kusomea udaktari wa mifugo.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na wakati huo kichwa chake kilikuwa nyuma ya friji la mtu. "Mifugo gani?" akauliza humo humo. "Sisi hata kuku hatuna."

"Watu wanao."

Fundi akatoka, akafuta mikono, akamtazama kwa muda kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. "Haya. Ng'ombe hazeeki maini," akasema. "Watoto niachie mimi. Lakini wewe sayansi uliiacha lini?"

"Kidato cha pili."

Hapo ndipo penye kazi. Chuo kikuu hakikumtaka mtu kwa sababu alilia kwenye zizi. Kilitaka ufaulu wa kemia, biolojia na fizikia, na Karani alikuwa na historia na lugha. Ilibidi ayasome yale masomo kwanza kwenye chuo cha jioni, huku anaendelea na kazi, tena kwa mpango. Ukitanguliza lisilotangulia, unapoteza mwaka. Daktari wa mifugo alikuwa amemtahadharisha: kemia ndiyo mlango, kwa sababu bila hiyo hupokelewi kwenye biolojia ya hatua ya pili.

Bahati nzuri, au ndivyo alivyodhani, katika familia alikuwepo mtaalamu. Mdogo wake, kitinda mimba ambaye mpaka leo wote wanamwita Kitinda, alikuwa mfamasia. Walipokuwa wasichana, marehemu baba yao aliwagawa kama mtu anayegawa mashamba: mkubwa aende kwenye historia, mdogo aende kwenye sayansi. Karani alilimeza hilo, lakini halikuwahi kushuka vizuri.

Jumamosi Kitinda akaja. Akaketi kwenye meza ya jikoni, akageuza kalenda ya zamani, akachora miraba nyuma yake. Aliongea haraka, kalamu ikikimbia. Fizikia mwaka wa kwanza. Hesabu pamoja nayo. Kemia akaitupa mwisho kabisa.

"Mbona kemia iko huku mkiani?" Karani akauliza.

"Ndiyo ngumu, dada. Uianze ukiwa umezoea kusoma."

"Daktari ameniambia ndiyo mlango."

"Huyo amesoma zamani. Mambo yamebadilika." Kitinda hakuinua macho. "Na hata hivyo, darasa la kemia la jioni limejaa. Nimeuliza."

"Umemuuliza nani?"

"Watu."

Mahakamani, shahidi aliyejibu "watu" hakuachwa akae chini. Karani alimwacha. Akamimina chai, akamtazama mdogo wake akikunjakunja ncha ya kalenda. Kitinda akasema tena, bila kuulizwa, kwamba kama ni lazima iwe kemia, basi kipo chuo kingine, kwenye ule mji wa pili, safari ya asubuhi nzima kwenda na kurudi, lakini walimu wake ni wazuri mno.

"Utanisindikiza?" Karani akamjaribu.

"Mimi? Mimi niko zamu dukani."

"Basi nitapita hapo dukani kwako wiki hii tuongee vizuri."

"Usijisumbue. Nitakuja mimi."

Alipoondoka, Fundi, aliyekuwa anajifanya kusoma gazeti, akalikunja. "Mimi si wa damu yenu, nisije nikaambiwa nachonganisha. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Ulishawahi kufika kwenye hilo duka lake la dawa?"

Karani akafikiri. Hajawahi. Kila alipotaka dawa, Kitinda aliileta nyumbani. Miaka yote aliona kuwa ni wema. Sasa akaanza kuugeuzageuza ule wema kama mtu anayekagua noti. Kwamba anamwonea haya dada yake mbele ya wenzake wasomi? Kwamba hataki mwanasayansi wa pili kwenye ukoo? Akampigia simu mama yao, akiulizia mambo ya kawaida tu, kisha akaligusia.

"Msikilize mwenzio," mama akasema. "Yeye ndiye anayeyajua hayo. Wewe akikwambia fizikia, shika fizikia."

Hata sauti ya mama ikaanza kumnukia njama.

Siku ya tatu, badala ya kwenda kula mchana, alikwenda chuo cha jioni. Msajili alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, anatafuna karanga.

"Kemia? Nafasi zipo tele. Tunaomba tu watu wapatikane darasa lifunguliwe."

"Niliambiwa limejaa."

"Na nani? Hapa kilichojaa ni choo tu, na fundi bomba tumeshamwita."

Karani akacheka kwa mdomo. Moyoni mlikuwa mnafuka moshi. Akajiandikisha pale pale, na Jumamosi Kitinda alipokuja na kalamu yake, akaitikia kila kitu. Fizikia, sawa. Kemia mwisho, sawa. Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kwa urahisi, yeye aliyezoea kuuandika wa wenzake. Kitinda akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Leo umekubali haraka."

"Si wewe ndiye unayeyajua hayo?"

Wakanywa chai yao, kila mmoja akimchungulia mwenzake kwenye ukingo wa kikombe.

Wiki za mwanzo darasani zilikuwa za ubaoni tu. Karani alikaa mbele, kati ya vijana ambao angeweza kuwazaa, akiandika kila neno la mwalimu kwa mkono wa mahakamani. Kisha ikaja jioni ya mazoezi ya maabara. Chumba kilikuwa kirefu, meza zake zimebabuka kwa tindikali, sinki zina madoa ya rangi zisizo na jina. Wakaambiwa wavae makoti na wasubiri vifaa.

Mlango wa stoo ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwenye koti la buluu na glavu, amebeba trei ya chupa. Alikuwa anasema kitu na mtu aliyeko ndani, bado anacheka. Akageuka, akamwona Karani.

Kicheko kikamkauka. Chupa zikagongana kwenye trei, lakini haikuanguka hata moja.

"Huyu ndiye dada wa maabara," mwalimu akawaambia. "Ndiye anayewaandalia kila kitu. Mkivunja, mwelezeni yeye, mimi nina presha."

Vijana wakacheka. Kitinda akapita meza kwa meza akigawa chupa. Alipofika kwa Karani akaiweka yake taratibu, lebo ikimwelekea, akaenda zake. Jioni ile Karani alipaswa kudondosha kimiminika mpaka rangi ya waridi itokee kwa mbali. Yake ikatoka nyekundu kama gari la zima moto, mara tatu mfululizo.

Alimsubiri nje, kwenye bomba la kunawia. Kitinda alikuja bila koti, mkoba ameukumbatia.

"Lile duka la dawa," Karani akasema.

"Hakuna duka."

"Ulifukuzwa?"

"Halijawahi kuwepo, dada. Nilianguka mtihani wa mwaka wa tatu. Nikarudia, nikaanguka tena, wakanitoa. Baba alikuwa kitandani. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa, kitinda wangu anamaliza ufamasia. Ningemwambiaje? Nikasema nitamwambia akipona." Akaukaza mkoba kifuani. "Hakupona. Halafu mama akaishika ile kauli, akawa anatembea nayo."

"Na dawa za mama? Unamwambia ameze hiki, aache kile."

"Kila mara namuuliza mfamasia wa kweli. Ndiko ninakozinunua. Sijawahi kubahatisha."

Karani akaitikia kwa kichwa, lakini akilini akaweka alama: hilo litathibitishwa. Hasira ilikuwa imempanda. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kitu kitamu, kwamba kumbe yule aliyegawiwa shamba zuri naye hakuvuna. Akakiona, akakionea haya, akakimeza.

"Kwa hiyo ukaona bora mimi nipoteze mwaka, kuliko nikukute hapa."

"Ndiyo," Kitinda akasema. Hakuzunguka. "Nilidhani ndani ya mwaka nitapata kazi kwingine. Au wewe utachoka, uache."

"Nichoke?"

"Fizikia inachosha sana."

Karani hakutaka kucheka. Pumzi ikamponyoka puani tu. Akalikaza bomba lililokuwa likidondosha maji.

"Mimi sitasema kwa mtu," akasema mwishowe. "Lakini mama akiniuliza sitamdanganya. Kazi yangu ni kuandika wanayosema watu, si kuwatungia."

Kitinda hakusubiri mama aulize. Jumapili akamwomba dada yake wafuatane, wakaketi kwenye sebule ya mama, chini ya picha ya baba akiwa amevaa tai. Akasema yote, kuanzia mtihani mpaka koti la buluu, bila kulia. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kitinda alipomaliza, mama akamgeukia Karani.

"Umemfanya nini mwenzio?"

"Mimi, mama?"

"Tangu uanze hayo masomo yako ya uzeeni nilijua kuna kitu. Umemwonea kijicho mdogo wako tangu mkiwa wadogo. Sasa umemtia maneno mdomoni, ili ubaki msomi peke yako."

"Mama, ni kweli ninayosema," Kitinda akasema.

"Nyamaza. Unatishwa."

Karani alimtuhumu mdogo wake majuma mazima, na sehemu alikuwa sahihi. Sasa yeye ndiye anatuhumiwa, na ubaya ni kwamba sehemu ya maneno ya mama nayo ilikuwa ya kweli. Kijicho kilikuwepo. Akachukua mkoba wake akatoka.

Mama akamnunia. Akipiga simu anampigia Fundi. "Wasalimie wajukuu zangu," anasema, kisha anakata. Fundi akawa kama posta kati ya nyumba mbili. Karani aliendelea na kemia yake kwa kichwa kizito. Maabara walisalimiana kama watu wa kazini, na mara moja Kitinda, akipita nyuma yake, akamnong'oneza, "Fungua koki kidogo tu, dada, tone kwa tone." Rangi ikatoka hafifu kama ndani ya ukucha. Siku hiyo Karani alikwenda nyumbani anatembea wepesi.

Mama alitaka kuona kwa macho yake. Jioni moja alijifunga kanga, akaja mpaka chuoni bila kumwambia mtu, akasimama nje ya dirisha la maabara na mwavuli wake. Msajili ndiye aliyesimulia baadaye. Alimuuliza kama anamtafuta mtu, mama akajibu, "Hapana, natazama tu." Alitazama kwa muda Kitinda akisuuza chupa na kuzipanga vichwa chini. Akaondoka.

Asubuhi simu ya Karani ikalia.

"Nimemwona," mama akasema.

Karani akaweka chini daftari la kemia.

"Amekonda. Anakula kweli?"

"Anakula, mama."

"Na wewe unakula?"

Msamaha mwingine zaidi ya huo Karani hakuupata, na alimjua mama yake vya kutosha asiungojee.

Kemia alifaulu, si kwa alama za kujivunia, ila za kumvusha. Kalenda nyingine ikageuzwa mezani. Kitinda akachora miraba upya: biolojia ya hatua ya pili na fizikia zifuatane muhula huu huu, maana mazoezi yake hayagongani, na Jumamosi Karani ashinde na daktari wa mifugo, kwa sababu chuo kikuu kitauliza. Karani akasikiliza, akakubali. Kesho yake mchana akaenda kwa msajili kuhakikisha.

Msajili akamsukumia ratiba kabla hajafungua kinywa. "Mdogo wako amepita asubuhi. Amesema utakuja kuuliza kama hayagongani. Hayagongani."

Usaili wa kwanza wa chuo kikuu alikataliwa. Wa pili alipita, akawa mkubwa kuliko wote darasani, na wanafunzi wenzake wakimwita Mama wakati wa kuazima madaftari. Kitinda alibaki maabara. Mama naye, wageni wakimuuliza habari za binti zake, mmoja humtaja kwa kirefu, mpaka ng'ombe aliowatibu. Kuhusu wa pili husema tu yuko kwenye mambo ya kemia, kisha huwahimiza wageni wanywe chai kabla haijapoa.