Kushoto kwa Mzee Abdulatifu

Gari likiumwa miguu ya mbele halifichi. Usukani unavuta upande, tairi linalika kwa ndani, na kwenye shimo unasikia ko, ko, ko. Niliisikia hiyo ko-ko kabla gari lenyewe halijaingia uwanjani kwangu hapa Mtanda. Nilipomwona anayeliendesha, niliweka spana chini nisije nikamrushia.

Alikuwa Mzee Abdulatifu, mfanyabiashara wa Mingoyo, na huyu ndiye aliyenibatiza jina la Fundi Chomoka. Mwaka juzi tairi lake la mbele lilichomoka, gari likaingia mtaroni, mkewe akavunjika mkono. Mzee akatangaza kutoka Mingoyo mpaka sokoni Lindi kwamba aliniagiza nibadilishe boljointi, kile kifundo kinachoshika tairi, na mimi nikala hela nisibadilishe. Wateja wakanikimbia. Hata watoto wa majirani walikuwa wakiniimba: Debora Chomoka, Debora Chomoka! Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na sitajitia mwema nikasema nilikwisha kumsamehe kanisani.

Siku hiyo yeye na mkewe walikuwa wanawahi harusi Kilwa. Fundi wake wa siku zote, Augustine, alikuwa safarini, na gari lilikuwa limeanza kuyumba. Akawa hana pa kwenda ila kwangu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia. Adabu sikumnyima. Mengine yote nilipania kumnyima.

"Marahaba. Angalia huko mbele, binti. Kushoto kunagonga. Na safari hii fanya unachoambiwa."

Walaji wa kibanda cha chapati, hapo jirani, wakageuza shingo. Vizuri, nikasema moyoni, kaeni hapo hapo.

Niliinua upande wa kushoto kwa jeki, nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa. Limekaza, halina neno. Nikahamia kulia. Huko tairi lilicheza mikononi mwangu kama jino bovu. Boljointi waliyoiweka baada ya ajali ilikuwa imekwisha nayo.

Kulia, na mzee anasema kushoto. Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka juzi. Dereva wake aliniletea gari na kipuri mkononi, akasema mzee kaagiza kiwekwe kushoto. Nikapima, nikakuta ya kushoto nzima, ya kulia ndiyo inayokufa. Nikampigia mzee simu. Akanifokea: "Nimesema kushoto! Nimeiona kwa macho yangu. Weka ulipoambiwa!" Nikaweka kushoto. Nikamwonya dereva asiende mbali na gari lile, akacheka akaondoka. Siku zote nilidhani ule ulikuwa ubishi tu wa mwenye mali.

"Mzee," nikasema, "hebu nionyeshe hiyo kushoto."

Akashuka, akaja kusimama mbele ya gari akitazamana nalo, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kidole kikaelekea tairi la upande wa dereva.

Moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Haya, sasa rudi ukae kwenye usukani. Nyoosha tena mkono wa kushoto."

Akarudi akinung'unika. Akanyoosha. Safari hii mkono ulikwenda kwa mkewe, aliyekaa pembeni yake, ukabaki hewani.

"Kushoto kwa gari ni kushoto kwa aliyekaa ndani," nikasema, kwa sauti ya kufika kwenye chapati. "Wewe ulisimama mbele yake. Ukaniagiza nitoe nzima, mbovu ibaki. Nilikupigia simu kukwambia, ukanifokea."

"Lo! Mzee Kushoto!" mtu akapiga kelele kule kibandani, na kicheko kikafuata. Kilinishuka kooni kitamu kabisa. Lakini nilikuwa sijamaliza. Nikainama dirishani kwa mkewe, Bi Maimuna, ambaye mkono wake haujanyooka tangu siku ile.

"Umesikia, mama?" nilimwuliza. Nilikusudia imchome mumewe.

Alimgeukia mumewe.

"Kumbe ni fundi aliyekupigia?"

Mzee akatazama usukani.

"Nilikuwa jikoni, Baba Shaaban. Nilisikia unamfokea mtu kwenye simu. Nilipokuuliza nani, ukasema kakosea namba. Halafu ukanipakia humu."

Nilikuwa nimejiandaa kumwumbua kwa ujinga. Sikujua kwamba simu yangu aliificha hata kwa mkewe, akaniacha niitwe Chomoka huku akijua nilimwonya. Hasira yangu ikaanza upya.

Bi Maimuna akafungua mlango kwa mkono wake mzima, akajitanda kanga, akasimamisha bajaji.

"Fundi," akaniita, na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo bila mkia tangu mwaka juzi, "mbadilishie pande zote mbili. Mimi natangulia Kilwa na basi."

"Mama Shaaban, subiri, linatengenezwa sasa hivi! Tutafikaje harusini mbalimbali? Watu watasema nini?"

"Watasema walivyozoea kusema ukiwasimulia wewe," akajibu, na bajaji ikaondoka.

Mzee alishuka, akasimama uwanjani akiitazama mpaka ikapotea. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka.

"Fundi, tafadhali. Fanya haraka nimuwahi stendi."

Nikaokota spana yangu, nikaifuta taratibu, nikaanza na kushoto.