Jiwe Kubwa Liko Upande Gani

Ilipofika saa tano asubuhi ya Alhamisi, dada wa kambi alikuwa ameshaizoea sauti ya Fundi kwenye simu kiasi cha kuacha hata kumsalimia.

"Mashariki au Magharibi?" aliuliza tu.

"Mashariki," alisema Fundi. Kisha, akiwa na pini tatu mdomoni, akaitupia jicho picha iliyobandikwa kwenye kona ya kioo cha wateja, kwenye duka lake la ushonaji. "Hapana. Ngoja kidogo. Magharibi."

"Sasa ile ya Mashariki nikufutie?"

"Futa. Ila usifute sana."

Upande wa pili ukasikika mguno wa mtu anayejiuliza kifutio cha kufuta kidogo kinauzwa duka gani.

Jambo lenyewe, ukilisikia, ni la dakika tano: kuchagua kambi ya kulala siku mbili kando ya ziwa, kwenye vilima vya mchanga. Kambi ziko mbili tu, moja mashariki ya vilima na nyingine magharibi, na zote ziko chini ya ofisi moja na dada mmoja mvumilivu. Lakini huwezi kusema tutaamua tukifika. Katikati ya kambi hizo mchanga umejilundika mpaka gari linazama magurudumu, na ukitaka kutoka moja kwenda nyingine sharti urudi barabara kuu, uzunguke, ule njiani, ulale gari likiwa bado linazunguka. Kwa hiyo ukikosea, umekosea kwa safari nzima.

Na safari hii haikuwa ya kukosea. Baba yake Fundi, mpiga picha mstaafu aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Flashi, jicho lake moja lilikuwa limeshafunga ofisi. La pili lilikuwa lifanyiwe upasuaji wiki inayofuata. Daktari alisema, "Tutajaribu."

"Hilo neno silipendi," Baba alimwambia Fundi walipotoka hospitali. "Wewe mteja akikuletea suti ukamwambia tutajaribu, atakuachia kitambaa?"

"Atakimbia, Baba."

"Basi. Na mimi kabla ya huko kujaribiwa, nataka nikayaone yale mawe. Nikae pale pale tulipokaa na mama yenu."

Mama yao alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Miaka thelathini na moja nyuma, kabla watoto hawajazaliwa, yeye na Baba walipiga hema kando ya lile ziwa, na ushahidi pekee uliobaki ni ile picha. Ndani yake Baba ni kijana mwembamba, amevaa shati la mikono mifupi aliloshonewa na mkewe. Alitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia kuja kusimama, na ndiyo maana anaonekana kama mtu aliyekutwa akiiba. Mama kachuchumaa kwenye jiko, ubavu kwa kamera, kageukia ziwa, kakunja uso. Nyuma yao mchanga uko mkono mmoja, ziwa mkono wa pili, na mbali majini yanaonekana mawe mawili, kubwa na dogo, jua likiwa chini karibu nayo.

Katika picha, jiwe kubwa liko kulia.

Fundi alikuwa ameshamuuliza dada wa kambi, na dada alijibu bila kusitasita: ukiwa kambi ya Magharibi, jiwe kubwa unaliona kulia. Ukiwa Mashariki, unaliona kushoto. Miaka nenda rudi. Mchanga unahama, mawe hayahami.

Basi Magharibi. Kazi imekwisha. Isipokuwa Baba alikuwa anasema Mashariki.

Saa saba mdogo wake Fundi akaegesha mbele ya duka lile gari lake lenye kibao cha L juu, akaingia akijipepea na kitabu cha alama za barabarani. Yeye ni mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimpa jina la Klachi kwa sababu ndilo neno analolitamka mara nyingi kuliko yote, wakati mwingine akiwa usingizini.

"Bado hujaamua?" aliuliza. "Dada, mimi nafundisha watu kuchagua njia kwenye mzunguko kwa sekunde tatu."

"Na wangapi wamegonga nguzo?"

"Hao ni wachache, na nguzo zilikuwa zimekaa vibaya." Akaikaribia picha. "Kubwa kulia. Magharibi. Unataka nini tena, picha ikuimbie?"

"Baba anasema jua lilikuwa linazama nyuma ya yale mawe. Ukitazama jua linazama, unatazama magharibi. Maana yake wewe uko mashariki."

"Kwani kwenye picha imeandikwa linazama? Linaweza kuwa linachomoza."

Fundi alitazama picha. Jua lilikuwa chini, na jua la chini halina kibao cha L. Kichwa kilikuwa kimeanza kumzunguka. Alipofumba macho na kujaribu kujiweka pale kambini, mashariki ilienda kulia, magharibi ikaja mbele, na ziwa likahamia kwenye rafu ya vitambaa.

Kilichozidi kumvuruga ni shati. Lile shati la kwenye picha Baba alikuwa bado nalo. Alilileta dukani juzi lipanuliwe kiuno, maana kiuno cha safari hii hakikuwa kile cha miaka thelathini na moja iliyopita. Fundi alipolitandaza mezani aliona mfuko wa kifua uko upande wa kushoto wa mvaaji, kama mashati yote ya wanaume wa dunia hii. Lakini kwenye picha mfuko ulikuwa upande wa kulia. Akafikiri labda mama yake aliuhamisha baadaye. Sasa, mfuko ukihamishwa huacha alama: matundu ya sindano, na kipande cha kitambaa ambacho jua halikukila, kimekoza kuliko majirani zake. Fundi alilipeleka shati mlangoni, akaligeuza kwenye mwanga, akalipapasa kwa kucha. Hakuona tundu wala kipande kilichokoza. Mfuko ulikuwa umekaa hapo tangu uzaliwe.

Akamhesabia mama yake hilo kama fumbo, akalikunja shati, akaendelea na mashariki na magharibi.

Baba aliingia saa nane, akishika fremu ya mlango kwanza, halafu meza, halafu bega la Klachi.

"Wewe ni nguzo au mtoto wangu?"

"Mtoto, Baba. Nguzo wanaigonga wanafunzi."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Fundi akajaribu kulianza taratibu, lakini Klachi, ambaye breki ni kitu anachowafundisha wengine, akamtangulia.

"Baba, tumeangalia kila kitu. Ni Magharibi. Picha inasema kubwa liko kulia."

"Kubwa lilikuwa kushoto," alisema Baba. "Na jua lilizama katikati yake na lile dogo. Mama yenu alikuwa anapika, jua linampiga machoni, ananiambia sogeza jiko, na mimi naogopa kusogeza kwa sababu nimeshapima mwanga."

"Labda ilikuwa asubuhi."

"Mama yenu asubuhi?" Baba alicheka. "Yule kabla ya saa mbili ulikuwa ukimwamsha unajitafutia balaa."

"Baba." Klachi aliishusha sauti, na hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu Klachi akishusha sauti ujue anamwonea mtu huruma. "Wiki iliyopita majani ya chai uliyaweka kwenye friji. Juzi uliniita kwa jina la Baba Mdogo. Si vibaya, ni umri. Lakini picha haina sababu ya kutudanganya."

Fundi alimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshachelewa.

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaiweka kwenye kibweta chake na kukifunga. Huyu ni mtu aliyewahi kubishana na fundi umeme siku mbili nzima kuhusu swichi, na swichi ilikuwa ya jirani.

"Basi andikeni Magharibi," alisema. "Mimi nilidhani macho tu ndiyo yanakwenda. Kumbe na kichwa nacho kimeshafunga mizigo."

Fundi angependelea wabishane mpaka jioni. Alijua Klachi ameshapanga kimoyomoyo kwamba baada ya upasuaji Baba asirudi kuishi peke yake, akabidhi funguo, ahamie kwake. Mpaka leo Baba alikuwa na jibu moja tu kwa hoja hiyo: kichwa changu kizima. Na sasa alikuwa amekisalimisha mwenyewe, hivi hivi, kwa ajili ya jiwe.

Akampigia dada wa kambi. "Magharibi," alisema. "Ya Mashariki futa. Futa kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema dada, na simu ikakatwa.

"Haya Baba, simama tupime shati," alisema Fundi.

Baba akavaa. Fundi akamsimamisha mbele ya kioo, akapita nyuma yake na pini zake, akapanga kitambaa alichoongeza ubavuni. Alipoinua macho kioo kilimwonyesha baba yake, na kwenye kona ya kioo ile picha ilimwonyesha baba yake vile vile. Shati lile lile. Kola ile ile. Mfuko mahali pale pale.

Vizuri, aliwaza. Kumbe mfuko uko sawa.

Akachomeka pini ya pili. Mkono ukasita. Kama uko sawa, mbona juzi haukuwa sawa?

Akamshika Baba mabega, akamgeuza amtazame yeye. Mfuko ukahama. Akamrudisha kwenye kioo. Mfuko ukarudi. Akamgeuza tena.

"Unanipima au unanikoroga?" aliuliza Baba.

"Subiri kidogo, Baba. Nahisi naumwa." Akaangalia vifungo. Kwenye shati vilikuwa vimeshonwa upande wa kulia wa mvaaji, kiume. Kwenye kioo, kushoto. Kwenye picha, kushoto. Mama yake, ambaye aliwahi kumfumulisha sare ya shule nzima kwa sababu ya kifungo kimoja kilichopinda, alimshonea mumewe vifungo vya kike? Mama angekula kitambaa kwanza.

"Klachi," alisema. "Kwenye picha Baba yuko kama alivyo kwenye kioo."

"Si ndivyo watu walivyo?"

"Sivyo. Kioo kinakugeuza. Picha haigeuzi mtu." Akaibandua picha, akaigeuzia kwenye kioo. Ndani ya kioo mfuko ukarudi kushoto kwa mvaaji. Vifungo vikakaa kiume. Mchanga na ziwa vikabadilishana nafasi. Na mbali majini jiwe kubwa likawa liko kushoto.

Klachi alitazama kioo, kisha picha, kisha kioo tena.

Baba alinyoosha mkono akaichukua picha. Akaivuta mpaka ikakaribia kugusa pua, pale ambapo jicho lake zima bado lilikuwa linafanya kazi, akatafuta mfuko, akatafuta vifungo. Alikaa hivyo mpaka Fundi akahisi pini zinamchoma ulimi.

"Filamu ina mgongo na tumbo," alisema hatimaye. "Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Ukiiweka kwenye mashine ya kukuzia picha ikiwa imelala kifudifudi, unapata dunia imegeuka. Nimewasema watu studio nzima kwa kosa hilo. Kuna mmoja aliyenigeuzia picha ya bwana harusi, nikamnunia mwezi mzima." Akaishusha. "Hii niliitengeneza mwenyewe usiku wa kurudi, mama yenu amesimama mlangoni anauliza tayari, tayari? Nikaitundika ukutani. Miaka thelathini na moja wateja wanaitazama, na mimi naitazama."

"Hukuwahi kuona?"

"Nilikuwa namtazama yeye. Nani alikuwa na haja na mfuko?"

Halafu akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumboni, mpaka pini ya pili ikachomoka. Klachi alijikuna shingo.

"Kwa hiyo picha ndiyo ilikuwa imechanganyikiwa," alisema.

"Picha, na wewe mwenye leseni."

"Nisamehe, Baba."

"Majani ya chai niliyaweka kwenye friji kwa sababu ya sisimizi. Ungeuliza ningekwambia."

Fundi alikuwa ameshapiga simu.

"Usiniambie," alisema dada wa kambi.

"Mashariki."

"Mama yangu. Nafasi yenu nimeshawapa walimu fulani, wako kumi na wawili, wameipokea kwa vigelegele." Karatasi zikapekuliwa. "Imebaki sehemu ya hema namba tisa tu. Namba tisa haitakiwi na mtu. Kilima kimeisogelea, nusu yake imeshamezwa na mchanga. Mkilala mtaamka mna mchanga masikioni."

"Tunaichukua."

"Umeshauriana na huyo mtu wako wa Magharibi?"

"Yuko hapa. Amenyamaza."

Walifika Jumamosi jioni, saa kumi na moja na nusu. Namba tisa ilikuwa vile vile ilivyosifiwa: kigingi kimoja kinaonekana, kingine kimezikwa mpaka shingoni, na kilima cha mchanga kimesimama juu yao kama mgeni asiyejua akae wapi. Klachi alitandaza hema, akasoma maelekezo, akayageuza, akasoma tena. Mlango ulikuwa kila mara unatokea upande wa mchanga. Fundi alimwacha apambane. Siku hiyo hakuwa tayari kumwambia mtu yeyote kitu chochote kiko upande gani.

Baba alikuwa ameshajisogeza na kiti chake hadi karibu na maji, amevaa lile shati, kiuno kimekaa. Fundi akaenda kuchuchumaa kando yake. Majini kulikuwa na mawe mawili, na jua lilikuwa linashuka katikati. Alitaka kusema. Akajizuia, akasubiri.

Baba alifunika jicho lililofunga ofisi, kwa mkono, kama anayetazama ndani ya kamera. Akasogeza kichwa huku na huku.

"Naona mawili meusi," alisema. "Na kubwa..." Akanyoosha kidole. "Kubwa liko kushoto."

"Kushoto, Baba."

"Usiniambie kwa kunifurahisha."

"Kushoto kabisa."

Aliitikia kwa kichwa. Jua lilikuwa limeshashuka kiasi cha kumpiga usoni, na uso wake ukakunjika vile vile ulivyokunjika ule wa kwenye picha, wa yule aliyekuwa kwenye jiko. Fundi aliinuka, akashika mgongo wa kiti.

"Nikusogeze?"

"Acha," alisema Baba. "Hapa ndipo alipokuwa amekaa."