Bibi Pili Amechoka

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba gia ya pili ya Landrova yangu imekaa jikoni kwetu, kwenye kigoda cha mke wangu, inakunywa uji.

Sikushangaa. Nilivyochoka jana, hata angekuwa simba kakaa pale, ningemsalimia nikapita zangu.

"Shikamoo, Bibi Pili," nikasema.

"Marahaba, Hoza. Samahani, siwezi kusimama. Nakunywa uji kwa sababu meno yameisha."

Ni kweli yameisha. Mwaka mzima sasa, nikiteremka mlima wetu huku Mlalo, gia ya pili inachomoka yenyewe na gari linabaki frii, halishikwi na gia yoyote. Dawa yangu ni ile ya madereva wote wa huku: nakata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, nafunga mkono wa gia usichomoke. Giaboksi nyingine, ya mtumba, iko stoo, nimeifunika gunia. Kuishusha hii na kuipandisha ile ni kazi ya kuvunja mgongo, na kila siku nasema kesho.

"Pole sana, bibi."

"Asante. Iweke kwenye kapu pamoja na zile nyingine."

Kapu lilikuwa mlangoni, limejaa pole zangu. Za chini zilikwishaota ukungu.

Mara giaboksi ya mtumba ikaingia, gunia begani, ikapiga hodi ikiwa imeshaingia. Mwantumu, mke wangu, akaikaribisha chai. Tumbo lake limeshuka. Asubuhi hii tulikuwa twende Korogwe, akangojee uchungu karibu na hospitali.

"Umekuja kutembea?" akaiuliza.

"Nimekuja kazini, shemeji. Huyu bwana ananiambia kesho."

Mwantumu akanitazama. Nikaona haya, nikageukia sufuria, lakini sufuria ni usukani. Jiko limekuwa barabara, tuko juu ya mlima, na mke wangu amekaa kando yangu ameshika mwiko.

Kwenye kona kuna jiwe limevaa kofia ya trafiki. Linapuliza filimbi.

"Ulipandia gia gani?"

"Ya pili, afande."

"Sheria unaijua. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Iko wapi?"

Natazama nyuma. Bibi Pili amelala juu ya magunia ya kabichi, mdomo wazi, anakoroma.

"Amechoka, afande."

"Basi kaa wewe."

Bibi anafumbua jicho moja, ananifunga kifundo cha mkono kwa ule mpira, kwa fundo langu mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu," anasema. "Ndivyo ulivyonifunza." Kisha analala tena.

Sasa mimi ndiye gia ya pili. Gari zima limeniegemea begani, na kona haziishi. Mkono unawaka moto. Nataka kusema nimechoka, lakini naogopa wataniambia pole.

"Pole," linasema jiwe, likituaga.

"Shikilia, baba Zuhura," anasema Mwantumu, mikono yote miwili tumboni.

Nashikilia kona ya kwanza. Nashikilia inayofuata. Halafu nguvu zikaniishia, nikachomoka.

Niliamka nimelowa jasho, Mwantumu ananitikisa.

"Unaunguruma kama gari. Na huo mpira umejifunga wa nini?"

Nikatazama mkono. Ulikuwa ukanda wa tairi, fundo ni langu, na una oili mbichi. Nilijaribu kuufungua kwa meno, ukagoma. Nikatoka nao hadi uani. Mkono wa gia ulikuwa mtupu, hauna mpira, na gari, nililoliacha kwenye gia, lilikuwa frii, limezuiwa na jiwe ambalo sikumbuki kuliweka. Nilimwona Mwantumu mlangoni, kanga zake tayari ndani ya beseni, na nikaogopa kweli.

"Hatushuki leo," nikamwambia. Nikaenda stoo, nikaondoa gunia.

"Leo hii hii?" akauliza. "Pole, mume wangu."

"Pole usinipe," nikasema. "Nipe spana."