Tabasamu la Meno Mapya

Zimwi la hadithi za Bibi halikuwa na pembe wala mkia. Lilikuwa na tabasamu tu. Lilikaa mlangoni limekenua, mdomo unacheka na macho yametulia kama ya samaki wa sokoni. Na mtoto mwenye akili alitazama macho kwanza. Mjukuu wa Bibi, waliyembandika jina Kasuku kwa domo lake, aliijua hadithi hiyo neno kwa neno.

Likizo hii Kasuku alifika, akamwona Bibi, akajificha nyuma ya mama yake. Tangu hapo hakumsogelea.

Kisa chenyewe ni meno. Wanawe Bibi walichanga wakamtengenezea meno ya bandia, meupe pee, na Bibi, kwa kushukuru, aliona ni utovu wa adabu kuyafumbia mdomo. Akawa anayaonyesha asubuhi hadi jioni. Taabu ni kwamba ya juu yalicheza. Asipokaza midomo, yanaanguka. Basi alitabasamu kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji: hageuki huku wala kule.

"Mama, umependeza!" alisema binti yake. Majirani nao wakasema hivyo hivyo.

Na kesho wageni wanaondoka, Bibi hajampakata mjukuu. Jioni, kwenye chai, akajaribu tena.

"Kasuku wangu, kitendawili!"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Leo natega mimi."

"Haya, tega."

"Nyumba yangu mlango wazi, madirishani hakuna taa."

"Ghala?"

"Siyo."

"Jela?"

"Siyo! Nipe mji."

"Chukua mji wangu mzima, na mbuzi wake."

"Ni uso wako, Bibi. Mdomo unacheka, macho hayamo."

"We mtoto!" mama yake akang'aka. "Hebu omba radhi!"

"Mwache," alisema Bibi. Neno hilo lilimchoma, kweli. Lakini mara akajiona alivyo, amekenua juu ya kikombe. "Ala! Zimwi nimelilea mwenyewe, leo limenihamia mdomoni!" Kicheko kikampanda kutoka tumboni, na meno ya juu, chubwi! yakatumbukia kwenye chai. Akacheka kwa fizi, makunyanzi yakamjaa, machozi yakamtiririka.

Pazia likafunguka. "Bibi! Meno yako yanakunywa chai!"

"Yaache, yana kiu. Yamesimama zamu bila kupumzika."

Kasuku akampanda mapajani, akamgusa makunyanzi ya macho kwa vidole. "Ulikuwa wapi?"

"Mama, mbona hukusema hayakukai?" aliuliza binti yake.

"Zawadi yenu hiyo, mwanangu. Nilitaka mwone ninavyoshukuru."

"Tumeona, mama. Kesho tunapita kwa fundi ayarekebishe, ndipo tusafiri."

"Mungu awabariki. Nimechoka kutafuna kwa upande mmoja." Akamkumbatia mjukuu. "Na wewe asante, bibi yangu mdogo. Wenzio wote walitazama meno. Wewe ulikuwa unanitafuta mimi."

Kasuku alikuwa ameshika kijiko, anavua meno kikombeni.