Kabla Baba Mdogo Hajavuka Mpaka

...asifike, Mungu wangu, baba mdogo Adriano asifike, hotuba yake ibaki hukohuko Tanzania, maana akishamtoa marehemu baba kwa maneno kwenye kambi ya wakimbizi, akamvusha mpaka, akamleta hapa Giteranyi na kumzika, kitakachobaki ni jina langu, Ignasi, simama, na watu wote waliojaa chini ya turubai watanipigia makofi, mimi musamuragwa, mrithi, mshika nyumba, msiba wa mwaka mzima tunaouondoa leo utakuwa umekwisha na mimi nitakuwa nimekwisha nao... simu inatetemeka tena mfukoni, ni nahodha Uthmani, najua, kutoka Mafia, wageni wa kwanza wanatua Jumamosi, msimu unaanza, na alishasema ukikosa safari ya kwanza nafasi anachukua mwingine mpaka Machi, siwezi hata kuitoa, kulia nimebanwa na shangazi Kasilda, kushoto dada yangu Jeska, na koti la baba limenikaba kwapani, nani alisema lazima nivae koti la baba... "Kaka yangu Kastori hakukuwa mtu ya mchezo!" baba mdogo anasema, kipaza sauti kinapiga mluzi, "kule kambini chakula iko kidogo, donc, basi, anafanya nini? Anaenda kulima kwa watu!" makofi, na mimi napiga, baba angecheka, alicheka mpaka akakohoa siku nilipomweleza kazi yangu, kwamba wageni wanakodi boti kutwa nzima, tunakokota chambo nyuma ya boti, sulisuli anakamata, mgeni anavutana naye mpaka miguu inamtetemeka, halafu tunampiga picha samaki na kumwachia, "Mnamwachia? Samaki mzima?" ndiyo baba, tena hatumtupi tu, anakuwa amechoka, ukimwachia ghafla anazama, lazima mtu amshike ule mdomo wake mrefu ubavuni mwa boti, boti iende taratibu, maji yampite mashavuni mpaka akumbuke kuogelea, na mtu huyo ni mimi, baba, ndiyo kazi yangu, akafuta machozi ya kicheko, akasema basi nimezaa muuguzi wa samaki... naipenda ile bahari, naipenda kuliko mahali popote, kule hakuna jirani anayesogeza mpaka wa shamba, hakuna anayeniuliza utaoa lini, hapa nikikaa mwezi mmoja naanza kuhesabu siku, na leo wanataka nikae maisha... "Unatetemeka," Jeska ananong'ona, ni simu tu, "Najua ni simu. Acha wasiwasi. Akikuita simama, sema asante, inatosha. Kesho panda gari pale Muyinga uende zako. Mimi nitabaki, kama kawaida," ah, dada yangu, afadhali, pumzi imenirudi, kumbe ni rahisi hivyo, kusimama, asante, kukaa, kesho gari... kama kawaida... amesema kama kawaida, hakunung'unika, amesema tu, na kiganja chake bado kimenishika kiwiko, kigumu, kina sugu, hakikuwa hivyo alipokuwa na genge lake Magarama, kule Gitega, nyanya na sabuni na mkaa, mpaka baba alipougua, mumewe akamwambia uchague, mimi au baba yako, akafunga genge akaja, akamlisha, akamwogesha, akalima, mahindi tuliyopikia wageni leo ni yake, na baba mdogo akinitaja mimi yatakuwa mahindi yangu, nyumba yangu, siku nitakayooa mke wangu atamwuliza, wewe dada, unaondoka lini, na ukoo utasema mke wangu ana haki... nimekaa hapa nikijililia kwamba nimefungwa, kumbe aliyefungwa ananishika mkono nisizame... na kama nikisimama nikasema Jeska? nyumba ashike Jeska? shangazi Kasilda atasonya, watasema mwanamke hashiki nyumba ya baba, watasema chumvi ya bahari imenipanda kichwani, baba mdogo atazima kipaza sauti, na msimu ukifungwa nitarudi hapa kubisha hodi kama mgeni, nikiwekewa mkeka kwa hisani ya dada, sitakuwa na pangu popote, naogopa, naogopa kweli... simu tena, iache, imenyamaza, Uthmani atafute mtu au asitafute, si hilo tena... "Na pale Kobero, kwenye mpaka," baba mdogo anasema, anaivuta sauti ili tumwonee Kastori huruma, "Kastori anasimama, anaangalia nyuma, iko na mfuko moja tu..." bado yuko Kobero, bado hajavuka, ataanza sasa kuhesabu waliokuja naye mmoja mmoja, namjua, na Jeska ameinamisha kichwa anasikiliza kama vile habari hizi hazimhusu... vuka, baba mdogo, usisimame hapo, vuka upesi, lifikie jina langu, niseme Jeska, kabla sijaghairi.