Vikaratasi vya Kwenye Vifuko

Jioni ya nne mfululizo Mama Pacha alipokea simu yake kwenye geti la kiwanda ikiwa imezima, na ina joto kama imetolewa jikoni. Haikupigwa wala haikupiga. Akashuka nayo moja kwa moja mpaka kwa fundi simu, bado mikono yake ina bluu mpaka kwenye viwiko, maana rangi ya kiwanda kile haitoki kwa sabuni wala kwa dua.

Fundi aliichaji, akaigeuzageuza, akakunja uso.

"Hiki kikokotoo umekiweka wewe?"

"Mimi? Mimi hesabu nafanya kwa vidole, mwanangu."

"Basi si kikokotoo. Jina tu hilo. Hiki kinasikiliza. Kinanakili meseji, sauti, kila kitu, kinapeleka kwa aliyekiweka huko aliko." Akasogeza kioo karibu na macho. "Kimewekwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nani anajua namba yako ya siri?"

Mama Pacha alifungua mdomo aseme hakuna, akaufunga.

Kiwandani simu haziingii. Kila mwanamke humwachia mlinzi, Babu Geti, ya kwake ndani ya kifuko walichojishonea wenyewe kwa vipande vya nguo, vifuko vyote vikae kwenye sanduku moja, na ndani ya kifuko mna kikaratasi chenye namba ya siri. Si ujinga huo, jamani, ni uchungu. Mwaka juzi mtoto wa mwenzao aliungua, simu ikalia getini mpaka ikachoka, na mama mtu akapata habari jioni, mtoto keshakata roho. Tangu siku hiyo wakakubaliana: Babu Geti aweze kufungua simu na kuuliza nyumbani kulikoni. Na Babu Geti ni mtu mwema, hilo hakuna anayebisha. Lakini wema wa mlinzi unaishia pale meneja anaposema lete hilo sanduku.

Ndani ya simu ya Mama Pacha mlikuwa na sauti kumi na moja. Wanawake kumi na mmoja wa chumba cha rangi, kila mmoja akitaja jina lake, meza yake, na namna mvuke wa rangi ulivyomla kifua. Mkaguzi wa kazi alikuwa azipokee Jumatatu. Mama Pacha ndiye aliyewaomba mmoja mmoja, akawaapia kwa wanawe kuwa hazitasikika kwingine.

"Futa!" akasema. "Futa sasa hivi!"

"Nitafuta, mama. Ila kilichokwenda kimekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki."

Akainyakua simu apige, fundi akamshika mkono. "Unawaonya kwa simu? Na zao zinashinda sanduku gani?"

Ikabidi atembee. Mrefu, shoga yake wa meza ya pili na mmoja wa wale kumi na mmoja, ndiye aliyekuwa karibu. Alimkuta anaanua nguo, akamweleza yote huku anahema. Mrefu alimsikiliza, kisha akachukua simu yake dirishani, akaibandika shavuni.

"Yangu baridi," akasema.

"Kwa sababu wewe hukuwa na rekodi! Mimi ndiye waliyenitaka."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyekuwa nazo. Peke yako."

"Mrefu! Unanijua mimi."

"Nakujua." Mrefu akaendelea kukunja nguo. "Na kikulacho ki nguoni mwako, hilo nalijua pia."

Loo, neno lile lilimchoma kuliko mvuke wote wa kiwandani. Milango mingine miwili aliyogonga haikufunguliwa, ingawa redio zilikuwa zinaongea ndani.

Asubuhi kadi za kuingilia za wale kumi na mmoja zilikataa kufungua geti. Ya Mama Pacha ilifungua, na msimamizi akamwambia anaitwa juu.

"Karibu, kaa," meneja alisema, mpole kama daktari. "Yule pacha mdogo, kikohozi chake kimepungua?"

Kikohozi kile Mama Pacha alimwambia dada yake peke yake, kwa simu, juzi.

"Sijafukuza mtu," meneja akaendelea. "Mikataba ya wale kumi na mmoja imekwisha tu."

"Basi na mimi nifukuzeni. Mimi ndiye niliyewarekodi."

"Nani kataja rekodi? Wewe ni hodari. Kuanzia leo ni msimamizi wa chumba cha rangi." Akasukuma mezani kizibao chekundu cha wasimamizi, kimekunjwa vizuri.

"Sikitaki."

"Unaweza kuacha kazi, ni haki yako. Ila anayeacha mwenyewe haondoki na kitu, na hospitali ya kiwanda haitibu watoto wa mtu aliyeacha." Akanywa chai yake. "Pacha wote wawili wana kadi ya hospitali, sivyo?"

Mama Pacha alitazama kile kizibao. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini hawakusema umpishe uelekee wapi. Akakivaa. Vifungo vilimshinda, meneja akamsubiri bila haraka, kisha akampa karatasi.

"Kazi ya kwanza ya msimamizi. Waliomaliza mikataba wasomewe majina, waende nyumbani."

Akashuka ngazi. Babu Geti alimfungulia mlango mdogo huku anatazama viatu vyake. Nje wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama juani, wengine wamejifunga khanga vifuani kama wagonjwa. Walikiona kizibao kabla ya kuona uso.

"Jamani," akasema, "wallahi si mimi. Ni vile vikaratasi..."

Mrefu alisogea mbele, akatazama ile karatasi ya majina.

"Soma, mwenzetu," akasema. "Sisi zamu yetu ya kusema ilishapita."

Na wale kumi wengine wakasogea, wamsikilize.