Ahadi ya Maman Nathalie

Mimi nimewahi kucheza karata na mamba wa mto Lufira, kule Kongo, na yeye ndiye aliyeiba. Matonge yote, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, inajua. Kwa hiyo Alphonsine, mtoto wa dada yangu, anayetunza wazee katika nyumba moja huku Berchem, aliponiuliza kama najua Kirusi, nilimjibu: "Hata ndoto naota kwa Kirusi." Akanipeleka nikamtafsirie bibi mmoja.

Maman Nathalie, bibi wa miaka tisini, alizaliwa Urusi, akaolewa na Mbelgiji, sasa marehemu. Kifaransa kilikuwa kimemtoka chote, ikabaki lugha moja. Kila siku saa kumi alinishika mkono, akasema maneno yale yale, kisha akangoja.

"Anasema nini, tonton?" Alphonsine aliniuliza mimi mjomba wake.

"Anataka supu ya samaki."

Alphonsine akaandika katika daftari la zamu. Supu ikaja, bibi akaisukuma. Kesho yake nikasema anataka dirisha lifunguliwe. Siku ya tatu, shali. Bibi aliitazama shali, akanitazama mimi, akarudia taratibu. Hakukasirika. Hapo nikashindwa.

"Alphonsine, Kirusi sijui hata cha kusalimia."

"Na mimi nimeandika yote, tonton. Bon, fungua simu yako."

Tukarekodi sauti ya bibi, tukamtumia mwalimu mmoja wa lugha za Urusi aliyeko Ufini. Akatupigia: si Kirusi. Ni Kivotia, ndugu wa Kifini, lugha ya watu wachache wa karibu na mto Luga. Wakati wa vita walihamishiwa Ufini. Waliorudi Urusi walitawanywa na serikali, wakaogopa kuisema mbele ya watoto wao. Leo wanaoijua vizuri hawajazi meza moja. Yeye mwenyewe alielewa nusu tu: bibi anaomba aahidiwe jambo. "Jambo gani, sikulipata. Mwambieni arudie, nitamsikiliza kwa simu."

Tukaingia na simu. Maman Nathalie akatutazama, akageukia ukuta. Alikuwa ametusemesha siku zote hizo, tukamletea supu.

Wiki nzima simu ilikaa wazi juu ya kitanda. Hakusema tena.

Mwalimu akanifundisha kusema "ndiyo, naahidi" kwa Kivotia. Sasa kila siku saa kumi namshika mkono mimi, nasema. Mkono wake unabaki umelegea.

"Umemwahidi nini, tonton?" Alphonsine aliniuliza jana, kalamu mkononi.

Nilitafuta uongo wa kumpa. Sikuupata.